Leso sitini za malaria

Ukiabiri matatu hapa Shanzu kuelekea Malindi, unavuka daraja la Mtwapa kabla hujakaa vizuri kitini, halafu unayapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, na punde uko Kilifi. Mwanafunzi wa udaktari anayekesha akikariri majina ya seli za kinga afanye safari hii walau mara moja. Baadhi ya anayoyasoma yalianza katika damu ya watu wa njia hii.

Mwaka 1949 alikuja Kenya mwanafunzi mwenzake, Anthony Allison wa Oxford, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa huku kwetu, karibu na Gilgil. Alikuwa katika msafara wa kisayansi wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya, na sehemu yake ilikuwa kukusanya damu za jamii mbalimbali. Alipozipima akakuta kwamba Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, katika baadhi ya jamii, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa na urithi wa selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja kwa mia. Jamii za Pwani na za ziwani hazikuwa na lugha moja wala asili moja. Zilichoshiriki ni mbu.

Alimaliza masomo kwanza, kisha akarudi 1953. Waluo 30 walijitolea kuambukizwa malaria, 15 wakiwa na urithi huo na 15 hawana. Vimelea vilionekana kwa 14 wasio nao, na kwa wawili tu walio nao. Matokeo yalichapishwa 1954 na hadi leo yanafundishwa kila chuo cha udaktari. Majina ya wale 30 hayafundishwi, na mimi nalihesabu hilo kuwa deni.

Hiyo ni ngao ya kuzaliwa nayo. Kinga inayojifunza ni habari nyingine, na ndiyo inayowatesa wanafunzi kwenye mtihani. Mtoto mchanga huanza na kingamwili alizopewa na mama kupitia kondo la nyuma. Zikiisha baada ya miezi kadhaa, limfosaiti, seli zake mwenyewe za kinga, hazina budi kumjua adui, kumpiga na kumkumbuka. Mwaka 1961 Sydney Cohen na Ian McGregor walionyesha huko Gambia kwamba kingamwili zilizotolewa katika damu ya watu wazima zilipunguza vimelea kwa watoto wagonjwa. Basi mkubwa ana kitu mtoto hana. Kwa nini imchukue mtoto miaka kukipata, ilhali surua ukiugua mara moja imekwisha?

Jibu moja lilitoka Kilifi. Kikundi kidogo cha watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kilianza kazi 1989 kando ya hospitali ya wilaya, wakati wodi za watoto zilikuwa zikijaa kila msimu wa mvua. Malaria kali ya watoto wengine huku wakiiita dege, Wamijikenda wakasema nyama wa dzulu, mnyama wa juu, akimshika mtoto anakakamaa. Mwaka 1998 Peter Bull, Moses Kortok, Kevin Marsh na wenzao walitoa utafiti ambao, kwangu, ndio mzuri kuliko yote ya mji ule. Walikuwa na damu ya watoto iliyochukuliwa na kuhifadhiwa kabla hawajaugua. Mtoto alipougua, vimelea vyake vililinganishwa na damu yake ya zamani. Mara nyingi kingamwili dhidi ya vimelea vile vile hazikuwamo. Alipopona, zikawa zimepatikana. Ugonjwa ulikuwa umeingilia penye pengo.

Kimelea hiki kina jeni zipatazo 60 za protini kinayoiweka juu ya seli nyekundu, kama sanduku lenye leso 60, na huvaa moja kwa wakati. Kinga ikiizoea hii, kinatoa nyingine. Mtoto anazijua moja baada ya moja, kwa homa baada ya homa, na wengine hawakuishi kuzijua zote.

Mwaka 2005 Kilifi ilirudi kwa Allison. Tom Williams na wenzake waliona kwamba ulinzi wa selimundu dhidi ya malaria ulikuwa asilimia 20 katika miaka miwili ya kwanza ya mtoto, ukapanda hadi 56 afikapo miaka kumi. Ngao ya kuzaliwa nayo, kumbe, huenda inaisaidia ile ya kujifunza.

Watoto wa Kilifi walishiriki pia katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kisha ya R21, hii ya pili pamoja na wenzao wa Bagamoyo. Kenya ilipoanza kutoa RTS,S, tarehe 13 Septemba 2019, sindano ya kwanza ilidungwa Homa Bay, ufuoni mwa lile ziwa ambako Allison alikuwa amechukua damu miaka 70 kabla.