Warsha iliyopoteza karakana

Karakana, neno tulilopata kutoka Kiajemi, ni mahali pa nyundo, msumeno na fundi anayekusahihisha papo hapo. Warsha kwa Kiarabu ni karakana vilevile. Kwetu imegeuka kikao cha hotelini chenye slaidi, chai ya saa nne na posho. Watafiti chipukizi wengi huitwa huko eti wakajifunze kazi ya nyanjani!

Mwaka 1988, Sekretarieti ya Kitaifa ya Mazingira na Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani walifanya utafiti Mbusyani, wilayani Machakos. (Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya hiyo hadi 1992.) Wataalamu walitembea mashambani na wenyeji, wakachora ramani pamoja, wakaandika kalenda ya misimu, wakayapanga matatizo kwa uzito wake. Kufikia Septemba, wenyeji walikuwa wamepitisha mpango wa kusimamia rasilimali zao. Mbinu hiyo ikaitwa utathmini shirikishi, na Chuo cha Egerton kikawa miongoni mwa walioiandikia mwongozo. Baadaye, kweli, jina hilo lilibandikwa hata kwenye ziara za siku mbili.

Nguvu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba mtafiti alijifunza kwa kazi halisi, na kazi ile ilikuwa na wenyewe. Ramani ikikosea, anayeteka maji kila siku ataifuta mbele yako. Slaidi haifuti kitu.

Tazama Mwingi, mji ulio kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa. Robert Chambers alikwisha kuonya mwaka 1983 kwamba watafiti hung'ang'ania lami na kuzuru kiangazi. Anayehoji boma tano karibu na stendi kisha akaandika "Mwingi" hajafika Kyuso wala Tseikuru. Tena hojaji yake imeandikwa kwa Kiingereza. Akiuliza kuhusu "kikundi", huenda mama akataja chama cha kuweka akiba na kuiacha mwethya, ile kazi ya pamoja ya majirani, kwa kuwa hakuulizwa. Kosa kama hilo hugunduliwa jioni, wenzako wakisoma majibu yako, na kesho swali linabadilishwa. Hilo ndilo somo lenyewe.

Ukumbi ukifutwa kwenye bajeti, zitapatikana fedha za nauli, za mkalimani wa Kikamba na za siku ya kurudi kuwasomea wenyeji matokeo. Siku hiyo ya kurudi ndiyo hukatwa kwanza.