Nusu ya Goti: Historia ya Upasuaji wa Viungo na Suala la Lugha kati ya Dzaleka na Lilongwe

Makala hii inachunguza mambo yanayozifanya hospitali zichague, au ziache kuchagua, upasuaji wa kubadilisha sehemu moja ya goti badala ya goti zima. Aidha, inaeleza maana ya historia hiyo kwa wakimbizi wazungumzaji wa Kiswahili walioko Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi.

Katika miaka ya 1970, daktari John Goodfellow na mhandisi John O'Connor wa Oxford walibuni goti bandia lenye kipande cha plastiki kinachotembea kati ya vyuma viwili. Tangu 1982 kifaa hicho kilitumiwa kwa upande mmoja tu wa goti, hususan pale gegedu ya upande wa ndani ilipolika huku kano zikiwa bado nzima. Hata hivyo, upasuaji huo haukuenea haraka. Mwaka 1989 Kozinn na Scott walipendekeza wasipewe wagonjwa wenye umri chini ya miaka 60 wala wenye uzito unaozidi kilo 82. Rejesta za kitaifa nazo zilionyesha kuwa magoti ya sehemu hurudiwa kupasuliwa mara nyingi zaidi kuliko magoti mazima, hasa mikononi mwa madaktari wanaofanya machache kwa mwaka. Kwa upande mwingine, jaribio la TOPKAT, lililohusisha wagonjwa 528 nchini Uingereza na kuchapishwa 2019, lilibaini kuwa baada ya miaka mitano nafuu ya mgonjwa ilikaribiana katika njia zote mbili, ilhali gharama ya njia ya sehemu ilikuwa ndogo zaidi. Hivyo, mambo yanayoamua ni mazoea ya daktari, idadi ya wagonjwa, upatikanaji wa vifaa na usahihi wa kumteua mgonjwa.

Nchini Malawi msingi wa huduma hizi uliwekwa na matabibu wa mifupa, ambao mafunzo yao yalianza 1985. Mwaka 2002 hospitali ya CURE ilifunguliwa Blantyre, na 2005 rejesta ya taifa ya viungo bandia ikaanzishwa. Jijini Lilongwe, Hospitali Kuu ya Kamuzu ndiyo inayopokea rufaa za kanda ya kati, zikiwemo zitokazo Dzaleka, yapata kilomita 45.

Dzaleka, iliyokuwa gereza la kisiasa zama za Kamuzu Banda, ilifanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu wapatao elfu kumi. Leo ina zaidi ya elfu hamsini, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Mgonjwa anapofika Lilongwe hukutana na Kichewa na Kiingereza. Hapo usahihi wa kumteua mgonjwa hugeuka kuwa suala la lugha. Katika Kichewa, "mwendo" ni mguu, na goti ni "bondo". Katika Kiswahili, "mwendo" ni namna ya kutembea. Anayesema "mwendo wangu umeharibika" anaweza kusikika akilalamikia mguu mzima. Vilevile, "goti linauma kwa ndani" huweza kumaanisha kina cha kiungo au upande unaoelekea goti la pili. Kwa upasuaji wa sehemu, tofauti hiyo si ndogo: daktari huanza kwa kuuliza maumivu yako wapi kabla ya kutazama picha ya eksirei.

Inafuata kwamba uamuzi wa kununua vifaa na kufundisha madaktari hautoshi. Inapendekezwa kwamba barua za rufaa kutoka Dzaleka ziwe na mchoro wa goti ambao mgonjwa ataugusa kwa kidole, wakalimani wa Kiswahili na Kichewa wapewe mafunzo ya istilahi za viungo, na fomu za ridhaa ziandikwe kwa Kiswahili zikitofautisha bayana "goti zima" na "sehemu ya goti". Mtu hawezi kuridhia kukatwa asichoelewa. Aidha, mwenye kuhitaji nusu hastahili kupewa zima, au kukosa vyote, kwa sababu ya neno moja.