Kitenzi spew: Historia ya Kutema na Kutapika

Kitenzi cha Kiingereza spew aghalabu hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa -tapika, na msomaji akaridhika. Ufasiri huo si kosa, ila unaficha historia ndefu ambamo kutema na kutapika viliitwa kwa jina moja, tena unamwacha mfasiri bila msaada pale anapouhitaji zaidi.

Umbo lake katika Kiingereza cha Kale ni spīwan. Jamaa zake ni speien cha Kijerumani, speiwan cha Kigothi, spuere cha Kilatini na, kwa mabadiliko ya sauti, ptuein cha Kigiriki. Asili yake huhesabiwa kuwa tanakali sauti: midomo hufungwa, pumzi husukumwa, kitu hutoka. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili kulikubali hilo; amsikilize tu mtu asemaye “ptu!” kwa dharau.

Katika Biblia ya Kigothi ya Wulfila, ya karne ya 4, speiwan ni kutema mate, kama Yesu alivyomfanyia kipofu wa Bethsaida. Speien cha Kijerumani hubeba hadi leo mate, matapishi na hata moto wa joka. Kiingereza kilikwenda njia nyingine. Spittan, ndicho spit cha leo, kilitwaa mate. Spew kikabaki na matapishi. Kisha vomit, chenye asili ya Kilatini, kikaingia kuelekea mwisho wa Zama za Kati na kujitwalia uwanja wa tabibu. Kikiwa kimenyang'anywa huku na huku, spew kilibakiwa na nguvu na karaha: moshi wa viwanda, volkano, matusi, uongo. Kwa maoni yangu, sitiari peke yake haitoshi kueleza uhamaji huu wa maana. Majirani wa kitenzi walikisukuma.

Kiswahili kina mizizi miwili tangu awali. -tapika ina ndugu katika lugha nyingine za Kibantu, kwa mfano -tahĩka ya Kigikuyu, na haichanganywi na -tema. Swila hutema sumu, mzungumzaji hodari hutema cheche, na kijana wa mjini anayejionyesha hutema ung'eng'e. Mla rushwa, kwa upande wake, hutapishwa alichokula. Tofauti ni ya hiari: kutema ni tendo la mwenye kutaka, ilhali kutapika humshinda mtu. Spew hakiuoni mpaka huo.

Mpaka huo ndio unaopimwa katika Ufunuo 3:16, penye onyo kwa kanisa la Laodikia lililo vuguvugu. Kigiriki kinatumia emein, yaani kutapika, wala si ptuein. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika spue, tahajia ya zamani ya kitenzi hikihiki; baadhi ya tafsiri za karne ya 20 zimeweka spit, pengine kwa adabu ya mezani. Union Version ya Kiswahili ya mwaka 1952 ina -tapika. Aliyetemwa amekataliwa, aliyetapikwa amemchefua aliyemmeza. Mfasiri ambaye angeanzia kwenye Kiingereza hicho cha karibuni angeandika -tema bila kusita, na sentensi yake ingekuwa sahihi kisarufi, huku kichefuchefu cha matini ya Kigiriki kikiwa kimetoweka.