Malale na Ndorobo: Majina ya Maradhi na Nafasi ya Ng'ombe katika Historia ya Utafiti nchini Uganda

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Onduparaka, viungani mwa Arua, kuelekea Koboko karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, huvuka vijito vyenye vichaka kandokando. Vichaka vya aina hiyo ndiyo makazi ya mbung'o, na kwa miongo mingi Nile Magharibi imekuwa kitovu cha malale nchini Uganda. Hili pia ni eneo la wafugaji na wachuuzi wa mifugo, na masokoni Kiswahili husikika pamoja na Kilugbara, Kikakwa na Kinubi.

Makala hii inachunguza kwa nini ng'ombe alichelewa kupewa nafasi yake katika historia ya malale ya binadamu. Haidai kwamba lugha ndiyo iliyoleta maradhi. Inadai kwamba majina tuliyoyarithi yaligawanya jambo ambalo maumbile hayakuligawanya, na kwamba mgawanyo huo una gharama hadi leo.

2.0 Majina Mawili, Macho Mawili

Kiswahili humwita binadamu aliyeambukizwa mgonjwa wa malale, jina linalotokana na kulala. Waganda nao waliuita ugonjwa huo mongota, kwa kurejelea kusinzia. Yote mawili yanataja dalili, tena dalili ya hatua ya mwisho, vimelea vinapokuwa vimekwisha kuingia kwenye ubongo. Kwa upande wa mifugo tunalo jina ndorobo, ambalo ni jina la mbung'o mwenyewe lililohamia kwenye ugonjwa. Vitabu vya kitaalamu huongeza nagana, neno lenye asili ya Kizulu.

Hapa pana mitego miwili. Kwanza, ng'ombe halali malale. Ndorobo inayomkondesha na kumuua husababishwa zaidi na spishi za tripanosoma zisizomdhuru binadamu. Kinyume chake, tripanosoma aina ya Rhodesia, ambayo ni hatari kwa watu, huweza kukaa ndani ya ng'ombe bila kumdhoofisha sana. Ng'ombe huyo hana malale kwa jicho la tabibu, wala hana ndorobo kwa jicho la mfugaji. Hana jina, na asiye na jina haulizwi. Pili, nagana hukaribiana kimatamshi na ndigana, jina ambalo wafugaji wengi wa Tanzania hulitumia kwa maradhi yaletwayo na kupe. Mfugaji akilisikia vibaya, atatafuta dawa isiyohusika.

3.0 Kutoka Ubombo hadi Soroti

Ujuzi wenyewe ulianzia kwa ng'ombe. David Bruce alibaini tripanosoma katika mifugo iliyougua nagana huko Ubombo, Zululand, katikati ya miaka ya 1890. Mwaka 1903 alifika Entebbe, ambako Aldo Castellani alikuwa ameona vimelea vya jamii hiyo katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa malale. Bruce aliyahusisha malale na mbung'o kwa kuwa alikwisha kujifunza hivyo kutokana na ng'ombe. Janga hilo liliua zaidi ya watu 200,000 katika Buganda na Busoga kati ya 1900 na 1920. Kuanzia 1906, Gavana Hesketh Bell aliwahamisha wakazi kutoka ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Aliyehamishwa ni mtu, kwa sababu ugonjwa ulihesabiwa kuwa wa mtu na inzi.

Ushahidi wa hifadhi ya vimelea katika wanyama ulikuja baadaye sana. Mwaka 1958 vimelea vya aina ya Rhodesia vilipatikana katika pongo nchini Kenya. Mwaka 1966 R. J. Onyango na wenzake walionyesha, kwa utafiti wa Alego, Nyanza, kwamba ng'ombe pia huvihifadhi. Hata hivyo, ujuzi huo ulikaa katika majarida kwa miongo mitatu kabla ya kupata uzito sokoni.

Uzito huo ulikuja kwa msiba. Teso, iliyopoteza mifugo yake katika uporaji na vita vya miaka ya 1980, ilikuwa inanunua ng'ombe upya. Malale aina ya Rhodesia yakazuka Soroti mwishoni mwa 1998, mahali ambapo hayakuwapo. Eric Fèvre na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba wagonjwa wa awali waliishi karibu na mnada wa Brookes Corner, ulioletewa ng'ombe kutoka maeneo yenye ugonjwa. Ng'ombe hao walipita kwa sababu walionekana wazima.

4.0 Maana Yake kwa Nile Magharibi

Uganda ina aina zote mbili za malale: ya Rhodesia kusini-mashariki, na ya Gambia kaskazini-magharibi, ambayo binadamu ndiye hifadhi yake kuu. Kufikia 2005 aina hizo zilitenganishwa na takriban kilomita 150 tu. Chini ya hadubini vimelea vyake hufanana, lakini tiba huweza kutofautiana. Eflornithini iliyowaponya wengi Nile Magharibi haiaminiki dhidi ya aina ya Rhodesia. Ng'ombe mmoja kutoka Lango anayevushwa Mto Nile bila kutibiwa anaweza kumfanya tabibu wa Arua au Koboko atoe dawa isiyofaa.

Hatua zilizofanikiwa ni zile zilizovuka mpaka wa majina. Sheria ya 1992 iliunda Baraza la kudhibiti tripanosoma, lililokutanisha afya ya watu na ya mifugo. Kampeni iliyoanza Oktoba 2006 iliwatibu ng'ombe ili kuwakinga watu, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa utabibu wa mifugo wa Makerere walikuwa miongoni mwa watendaji wake. Katika Nile Magharibi, vitambaa vidogo vya buluu vyenye sumu, vilivyotegwa kandokando ya vijito tangu 2011, vilipunguza mbung'o kwa zaidi ya asilimia 90 katika eneo la majaribio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba aina ya Gambia si tatizo tena la afya ya umma nchini Uganda. Uthibitisho huo hauhusu aina ya Rhodesia, ambayo husafiri na ng'ombe.

5.0 Hitimisho

Kiswahili kinapopanuka katika shule na ofisi za Uganda, istilahi zinazochaguliwa sasa ndizo zitakazosomwa katika vibali vya kusafirisha mifugo na mabango ya minadani. Tunapendekeza malale na ndorobo yabaki, ila chini ya jina moja la jumla, ugonjwa wa mbung'o, likifuatwa na wa binadamu au wa mifugo. Tunapendekeza pia istilahi ng'ombe mbebaji kwa yule aliye na vimelea bila dalili, na iandikwe katika kibali chenyewe, ili afisa wa mifugo amuulize mchuuzi kama ng'ombe ametibiwa hata anapomwona mnene na mchangamfu. Swali hilo halikuulizwa Brookes Corner. Arua na Koboko bado zina nafasi ya kuliuliza mapema.