Kutoka Uwanjani hadi Kamusini: Historia ya Misimu ya Michezo katika Kiingereza

Utangulizi

Katika Kiingereza cha Kale, neno "gamen", ambalo ndilo asili ya "game" la leo, lilikuwa na maana ya furaha au burudani. Neno "play" nalo limebeba kwa karne nyingi maana mbili ambazo hazimshangazi msemaji wa Kiswahili: mchezo wa watoto uwanjani na mchezo wa kuigiza jukwaani. Pamoja na ukongwe huo, wanaleksikografia wa Kiingereza hawakuyapa maneno ya michezo heshima sawa na maneno ya dini, sheria au elimu. Samuel Johnson, katika kamusi yake iliyotoka mwaka 1755, aliyapachika maneno mengi ya mitaani alama ya kuwa ni ya hali ya chini. Francis Grose alipotaka kuyakusanya maneno ya aina hiyo, yakiwemo ya wacheza kamari, ilimbidi ayatungie kamusi yake ya pekee mwaka 1785.

Hoja inayotetewa katika mhadhara huu ni kwamba misimu ya michezo ina maisha marefu kuliko inavyodhaniwa, na kwamba historia yake inafichua suala zito la isimujamii: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kuwa neno fulani ni la lugha au si la lugha? Hoja hiyo itafafanuliwa kwa mifano ya makundi matatu: maneno ya mezani, maneno ya watoto, na neno moja la mpira wa miguu.

Maneno ya mezani

Neno "checkmate", linalotangaza mwisho wa mchezo wa sataranji, lilitoka katika Kiajemi "shah mat", likapitia Kiarabu na Kifaransa cha Kale kabla ya kuingia katika Kiingereza. Njia hiyo inamhusu pia msomi wa Kiswahili, kwa kuwa neno "sataranji" lenyewe limetufikia kwa Kiarabu, nacho kililipokea kutoka Uajemi. Lugha mbili zilizo mbali, moja ya kisiwa cha kaskazini na nyingine ya pwani ya Bahari ya Hindi, zimechota katika kisima kimoja.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba maneno ya mezani hayakubaki mezani. Idara ya hazina ya wafalme wa Uingereza iliitwa "Exchequer" kutokana na neno la Kifaransa cha Kale lililomaanisha ubao wa sataranji. Richard FitzNigel, aliyeandika kuhusu idara hiyo katika miaka ya 1170, alieleza kuwa hesabu zilifanywa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa chenye mirabaraba, na vihesabio vikasogezwa juu yake mithili ya kete. Hivyo neno lililotokana na mchezo likawa jina la ofisi inayokusanya kodi.

Neno "hazard" lilisafiri njia inayofanana na hiyo. Katika karne ya 14 lilikuwa jina la mchezo wa dadu, na Geoffrey Chaucer alilitumia kwa maana hiyo alipoilaani kamari. Wanaetimolojia wengi hulihusisha na neno la Kiarabu lenye maana ya dadu. Hatua kwa hatua likaacha kutaja mchezo, likataja bahati, kisha likataja hatari. Leo hii huandikwa kwenye mabango ya kutahadharisha watu viwandani, na wengi wanaolisoma hawafikirii dadu hata kidogo. Naye Edmond Hoyle, aliyechapisha kitabu chake kuhusu mchezo wa karata uitwao "whist" mwaka 1742, aliacha jina lake katika lugha: Waingereza husema jambo limefanywa "kwa mujibu wa Hoyle" wakimaanisha kuwa kanuni zote zimefuatwa.

Maneno ya watoto

Ikiwa maneno ya watu wazima yalipanda ngazi hadi ofisini, maneno ya watoto yalibaki uwanjani, na kwa sababu hiyo yalikawia kupata mtu wa kuyaandika. Alice Bertha Gomme alichapisha majuzuu mawili kuhusu michezo ya jadi ya Uingereza, Uskoti na Ireland, mwaka 1894 na 1898. Hata hivyo, kazi iliyobadilisha mtazamo wa wengi ilifanywa na mtu na mkewe, Peter na Iona Opie, ambao hawakuwa wahadhiri wa chuo kikuu chochote. Kitabu chao cha mwaka 1959 kuhusu mila na lugha ya watoto wa shule kilitokana na taarifa za watoto wapatao 5,000 katika shule 70. Mwaka 1969 walitoa kingine kuhusu michezo ya barabarani na viwanjani.

Miongoni mwa mambo waliyoyagundua, linalostahili kutajwa kwanza ni maneno ya kuomba kusitishiwa mchezo. Mtoto anayekimbizwa, akiishiwa pumzi au kamba ya kiatu ikimfunguka, hupishanisha vidole na kutamka neno moja. Tangu hapo hana ruhusa mtu yeyote kumkamata. Neno hilo lilitofautiana kwa mahali. Watoto wa London na kusini mashariki walisema "fainites". Wa magharibi na wa sehemu za Uskoti walisema "barley". Wa mashariki walisema "kings". Na wa kaskazini mashariki walisema "skinch". Katika shule za kulipia za matajiri lilisikika neno la Kilatini "pax", lenye maana ya amani. Kwa hiyo neno hilo moja lilitosha kumtambulisha msemaji, si kwa eneo lake tu, bali pia kwa tabaka lake.

Umri wa maneno hayo ni mkubwa. "Barley" limo katika kamusi ya Kiskoti ya John Jamieson ya mwaka 1808, na wataalamu kadhaa wamelihusisha na neno linalopatikana katika shairi la "Sir Gawain and the Green Knight" la karne ya 14, ingawa si wote wanaokubaliana. Kuhusu "fainites", J. R. R. Tolkien, aliyekuwa profesa wa Kiingereza Oxford, alilihusisha na kitenzi cha Kifaransa cha Kale kilichomaanisha kujitoa au kusitasita. Maelezo haya yakikubaliwa, basi watoto wa karne ya 20 walikuwa wakitunza maneno ambayo watu wazima walikwisha kuyasahau zamani, bila kitabu wala mwalimu. Mtoto wa miaka kumi alimrithisha wa miaka saba, naye akamrithisha mwingine.

Ni dhahiri pia kwa nini neno hilo lilihifadhiwa kwa uaminifu. Mtoto mgeni aliyehamia mtaa mwingine na kutamka neno la kwao hakueleweka, alikamatwa. Kwa mtoto, usahihi wa msamiati ulikuwa na matokeo ya papo hapo, na aliyeamua usahihi huo alikuwa kundi la wachezaji wenyewe.

Neno "soccer"

Chama cha Football Association kiliundwa London mwaka 1863 ili kuweka kanuni za pamoja, na mchezo wake ukatofautishwa na ule wa Rugby. Katika miongo iliyofuata, wanafunzi wa Oxford walikuwa na mtindo wa kukata neno na kulitia kiambishi tamati "-er". Kwa mtindo huo "Rugby" ikawa "rugger", na kipande cha neno "Association" kikazaa "soccer", ambalo liliandikwa kwa tahajia mbalimbali kuanzia miaka ya 1880.

Waingereza walilitumia kwa muda mrefu bila aibu. Matt Busby, meneja mashuhuri wa Manchester United, aliliweka katika jina la kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1973. Nchini Marekani, ambako "football" ni jina la mchezo mwingine, shirikisho liliingiza neno hilo katika jina lake mwaka 1945. Kuanzia miaka ya 1980 matumizi yake yalipungua Uingereza, na leo mashabiki wengi huko hulikebehi kuwa ni la Kimarekani. Mtoto amekanwa katika nyumba aliyozaliwa.

Kiswahili, kwa upande wake, kililipokea na kulitohoa kuwa "soka", likakaa bega kwa bega na "kandanda", "kabumbu" na "mpira wa miguu". Msemaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayetamka "soka" anatumia simo la wanafunzi wa Oxford la karne ya 19, lakini kwake ni neno la Kiswahili lisilo na kebehi yoyote. Hadhi ya neno, kwa hiyo, hutolewa na wanaolitumia, nao huweza pia kuiondoa.

Hitimisho

Mifano iliyotolewa inaonyesha njia tatu za misimu ya michezo: kupanda hadi ofisini, kudumu kimya miongoni mwa watoto, na kukataliwa nyumbani huku ikipokewa ugenini. Katika njia zote tatu, hukumu ya mwanaleksikografia ilifika baada ya watumiaji kukwisha kuamua.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, somo la Peter na Iona Opie ni la mbinu. Waliwauliza wachezaji wenyewe, wakaandika neno pamoja na mahali lilipotumiwa. Watoto wanaocheza kombolela, rede na mdako wana maneno yao ya kuanza, ya kukanusha na ya kusitisha, na si lazima ya Tanga yafanane na ya Kigoma. Mkusanyaji wa maneno hayo hahitaji vifaa vya gharama. Anahitaji daftari, tarehe, jina la mtaa, na usikivu wa kumkubali mtoto wa miaka tisa kuwa ndiye mtaalamu wa jambo hilo.