Shaba ya Katanga na Ugomvi wa Mfuko

Katika Katanga, kusini mwa Kongo, kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi na kuvuka mpaka kuingia Zambia, umelala mkanda wa miamba ya shaba ambao wenyeji waliuchimba karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Kazi hiyo ilifanywa wakati wa kiangazi. Mawe ya kijani yaliokotwa vilimani, yakayeyushwa kwa makaa katika matanuri ya udongo wa vichuguu, na shaba ikamiminwa kwenye kalibu yenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha na kulipia mahari. Mingi imefukuliwa makaburini kando ya maziwa ya Upemba, mbali kaskazini, mahali pasipokuwa na machimbo ya shaba. Kwa hiyo tangu zamani mali ya kusini ilifika kwa majirani kwa njia ya biashara, bila kuhitaji serikali ya kuigawa.

Biashara hiyo ndiyo iliyomvuta Ngelengwa, Mnyamwezi ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Alihamia huko katika miaka ya 1850, akajulikana kwa jina la Msiri, na kutoka mji wake wa Bunkeya akatawala biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa iliyoelekea bahari zote mbili. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na afisa wa msafara wa Stairs, uliotoka pwani ya Afrika Mashariki na wapagazi wa Zanzibar ili kuitwaa nchi hiyo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la kwanza likaanza kutoa shaba. La kuangaliwa hapa ni upande ilikotokea reli hiyo: ilitoka kusini, Rhodesia. Reli ya kwenda Ilebo, ambako mizigo ilipakiwa kwenye meli za mtoni kuelekea Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ilikamilika mwaka 1928, na njia ya Lobito, Angola, ikakamilika mwaka 1931. Hata utawala ulikuwa na mlango wake, maana kuanzia 1910 hadi 1933 mkuu wa Katanga aliwasiliana na Brussels moja kwa moja bila kupitia makao makuu ya koloni. Jimbo lilizoea kujiona nchi peke yake.

Wafanyakazi waliletwa kutoka Rhodesia Kaskazini, kisha Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwaruhusu waishi kambini na wake zao kwa mikataba ya miaka mitatu. Ikawapa nyumba, posho, zahanati na shule, na watu wakaiona kazi kuwa ndiyo baba, ndiyo mama. Kiswahili kikawa lugha ya kambi, kikazaa lahaja ya mjini inayosikika Lubumbashi hadi sasa. Malezi hayo yalikuwa na fimbo yake: Desemba 1941 waliogoma kudai mishahara walimiminiwa risasi mjini Elisabethville, na makumi wakafa. Nje ya kambi na reli, mkulima wa kaskazini mwa jimbo hakuona mengi ya utajiri huo.

Chama cha CONAKAT, kilichoanzishwa mwaka 1958, kilibeba manung'uniko mawili: fedha za shaba zinakwenda Léopoldville, na kazi nzuri zinakwenda kwa watu wa Kasai. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, kiongozi wake, Moïse Tshombe, alitangaza kujitenga kwa Katanga. Union Minière ikamlipa yeye kodi, na askari wa Ubelgiji wakamlinda. Lakini Waluba wa kaskazini, chini ya chama cha Balubakat, waliasi dhidi yake. Hoja kwamba shaba ni ya Wakatanga wote ilivunjika ndani ya Katanga yenyewe, kabla ya majeshi ya Umoja wa Mataifa kumaliza utengano huo Januari 1963.

Rais Mobutu alitaifisha kampuni mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 jimbo likabatizwa Shaba, jina lililodumu hadi 1997. Ni nadra jimbo kuitwa kwa bidhaa yake. Njia ya umeme ya takriban kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi ilikamilika mwaka 1982, nayo ilipita juu ya vijiji vilivyobaki gizani. Gécamines ilikamuliwa kuendesha dola huku mitambo yake ikichakaa. Uzalishaji uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 uliporomoka baada ya mgodi wa Kamoto kubomoka mwaka 1990. Zahanati na shule za kampuni ziliporomoka nao, na watu wa asili ya Kasai wakafukuzwa kwa maelfu mwaka 1992 na 1993.

Sheria ya madini ya 2002 ilifungua mlango kwa kampuni za kigeni, na kobalti ikapata thamani mpya. Katiba ya 2006 iliahidi mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, ahadi ambayo Kinshasa haikuitimiza kikamilifu. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa mikoa minne, na karibu migodi yote ya shaba na kobalti ikaangukia Haut-Katanga na Lualaba. Sheria ya 2018 inaupa mkoa wenye mgodi asilimia 25 ya mrabaha, na eneo la serikali ya mtaa lenye mgodi asilimia 15. Maziwa ya Upemba, ilikozikwa misalaba ya shaba, yako Haut-Lomami, mkoa usio na fungu katika mgawo huo wa shaba.