Kuhesabu Chembe za Damu: Kazi ya Kichwa na Kazi ya Mkono

Mazungumzo haya yalisomwa redioni kwa ajili ya madarasa ya elimu ya watu wazima. Mwalimu wa darasa ayasome kwanza peke yake, halafu yasomwe kwa sauti, kipande baada ya kipande. Maswali ya kujadiliana yako mwishoni.

Somo letu la leo ni la historia. Tukisema historia, wengi wetu hufikiri habari za wafalme, vita na safari za majahazi. Lakini vyombo vya kazi navyo vina historia yake. Jembe lina historia, na cherehani ina historia. Leo nitawaeleza historia ya mtambo mmoja wa hospitali, ambao kazi yake ni kuhesabu chembe za damu. Tena nitawaeleza jinsi watu wanavyojifunza kuutumia, kwa maana mtambo huu ukiwa mikononi mwa asiyefundishwa, hutoa hesabu ya uongo, na hesabu ya uongo huweza kumpoteza mtu.

Wataalamu huiita elimu hii saitometri ya mkondo. Maana yake ni kupima chembe zikiwa zinapita katika mkondo wa maji. Jina ni gumu, lakini jambo lenyewe mtalielewa.

1. Tone la damu

Damu huonekana kama maji mekundu tu. Mtu wa kwanza kuzieleza vizuri chembe nyekundu zilizomo ndani yake alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanya biashara ya nguo katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi. Hakusoma chuo kikuu. Alijitengenezea lenzi zake kwa mikono yake, na mwaka 1674 aliandika habari za chembe hizo.

Kuziona ni jambo moja, kuzihesabu ni jambo jingine. Chukueni tone dogo kadiri ya kichwa cha pini, ambalo wataalamu huliita maikrolita moja. Katika tone hilo la damu ya mtu mzima mna chembe nyekundu kati ya milioni 4 na milioni 6, na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Nani ataweza kuhesabu vitu vingi hivyo? Mwaka 1852 Mjerumani mmoja, Karl Vierordt, alijaribu. Aliipunguza damu kwa kuichanganya na maji ya dawa, akaitandaza kwenye kioo, akahesabu kwa jicho chini ya hadubini. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi. Waliomfuata waliirahisisha kwa kuchora miraba kwenye kioo, lakini bado aliyehesabu alikuwa ni mtu, na jicho la mtu huchoka.

2. Njia nyembamba

Ninyi wafugaji mnajua namna ya kuhesabu ng'ombe. Wakiwa wametawanyika mbugani, hesabu hupotea. Lakini siku ya josho hupita katika njia nyembamba, mmoja nyuma ya mwenzake, na mtu aliyesimama penye njia huwahesabu wote bila taabu. Mtambo wetu umejengwa juu ya fikira hiyo hiyo.

Mwaka 1934, mjini Montreal, nchi ya Kanada, Andrew Moldavan alieleza njia ya kuzipitisha chembe katika mrija mwembamba wa kioo. Hadubini ilielekezwa kwenye mrija, na mahali pa jicho la mtu akaweka jicho la umeme, yaani chombo kinachohisi mabadiliko ya mwanga. Kila chembe ikipita, mwanga hubadilika, na chombo huhesabu moja.

Lakini palikuwa na shida. Mrija ukiwa mwembamba mno, huziba. Ukiwa mpana, chembe hupita mbili mbili au tatu tatu, na hesabu huharibika. Shida hii ilipata dawa mwaka 1953. P. J. Crosland-Taylor wa London aliyapitisha maji yenye chembe katikati ya maji mengine safi yaendayo kasi. Maji ya nje huyabana yale ya ndani mpaka yakawa kama uzi. Hivyo mrija hubaki mpana usizibe, na chembe hupita katikati moja moja. Mwaka huo huo wa 1953 Mmarekani Wallace Coulter alipewa hati ya uvumbuzi wa njia nyingine: chembe hupita katika tundu dogo lenye umeme, na umeme hutikisika kila chembe inapopita.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Mwaka 1965, mjini New York, Louis Kamentsky alieleza mtambo wa kupima chembe kwa mwanga, akitaka kuzitambua chembe za saratani. Mwaka huo huo, huko Los Alamos, Marekani, Mack Fulwyler alieleza mtambo usiohesabu tu, bali uliotenga. Mkondo ulikatwa ukawa matone madogo sana, kila tone likatiwa umeme kwa kadiri ya chembe iliyokuwa ndani yake, na tone likavutwa kushoto au kulia mpaka chombo chake. Akili ya kuongoza matone kwa umeme aliipata katika kazi ya Richard Sweet wa Stanford, ambaye alikuwa akitafuta njia ya kuandika kwa wino. Na mwaka 1968, mjini Münster, Ujerumani, Wolfgang Göhde aliunda mtambo uliopima mwangaza wa rangi zilizotiwa katika chembe.

3. Mume na mke wa Stanford

Katika historia hii wamo watu wawili ambao ningependa tukae nao kidogo. Hao ni Leonard Herzenberg na mkewe Leonore, wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Kalifornia.

Leonard alikuwa akihesabu chembe zenye rangi ya kung'aa chini ya hadubini, na macho yakamchosha. Akasikia habari za mtambo wa Los Alamos. Akaenda mwenyewe, akapewa michoro yake, akarudi nayo nyumbani. Pamoja na mafundi wa Stanford waliubadili mtambo ule ili utambue rangi za kung'aa na kuzitenga chembe kwa rangi zake. Habari za kazi hiyo zilitolewa mwaka 1969. Mwaka 1972 walieleza mtambo bora zaidi uliotumia leza, yaani mwanga mkali ulionyooka usiotawanyika.

Na Leonore je? Leonore hakuwa na shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Mumewe alipokuwa akisoma katika chuo cha Caltech, chuo hicho kilikuwa bado hakipokei wanawake kwa shahada ya kwanza. Yeye aliingia akakaa akisikiliza mihadhara bila kuandikishwa, na huku akifanya kazi za maabara kwa mikono yake. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Akawa mshiriki wa mumewe katika kazi yote, na baadaye Stanford ikampa cheo cha profesa. Ndugu zangu mliochelewa kuingia darasani, likumbukeni jina hili.

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, Uingereza, walitoa njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tu kwa wingi. Kingamwili ni kama askari wa mwili, na kila namna hushika alama moja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Ukiipaka kingamwili rangi ya kung'aa, kila chembe itakayoshikwa nayo utaijua. Leonard Herzenberg, profesa mwenye umri uliopita miaka 40 na mtambo wake maarufu, alikwenda Cambridge kwa Milstein akakaa kujifunza kazi hiyo. Hakuona haya kuwa mwanafunzi tena.

4. Darasa na maabara

Sasa tuangalie jinsi kazi hii inavyofundishwa. Kwa miaka mingi Marekani palikuwa na kozi ya kila mwaka, iliyofanywa kwa zamu, mara Los Alamos, mara Bowdoin College katika jimbo la Maine. Wanafunzi walisikiliza mihadhara, kisha wakaingia maabara wakashika mitambo. Mambo hayo mawili hayakutenganishwa, na sababu yake ni hii.

Darasani mwanafunzi hufundishwa kwamba leza ikiipiga chembe, mwanga hutawanyika. Mwanga unaokwenda mbele hueleza ukubwa wa chembe. Mwanga unaokwenda pembeni hueleza kama ndani yake mna punje nyingi au chache. Na rangi inayong'aa hueleza chembe hiyo ni ya namna gani. Mtambo huzipima maelfu kwa sekunde moja, na kila moja huonekana kama nukta kwenye kioo cha kompyuta. Asiyejua haya ataziona nukta tu, hatajua zinasema nini.

Lakini aliyejua haya tu bado si fundi. Katika maabara hufundishwa mambo ambayo daftari haliyatoshi. Kichupa cha damu hupinduliwa taratibu mara kadhaa ili damu ichanganyike na dawa ya kuizuia isigande, wala hakitikiswi kwa nguvu. Chembe zilizokwisha kutiwa rangi huwekwa gizani, maana mwanga hufifisha rangi. Povu la hewa likiingia katika mrija, mkondo huyumba. Kila asubuhi, kabla ya damu ya mgonjwa, mtambo hupimwa kwanza kwa shanga ndogo sana za plastiki ambazo vipimo vyake vinajulikana. Halafu mwanafunzi hujifunza kuchora mpaka kwenye kioo kulizunguka kundi la nukta analolitaka, kama mtu anayejenga boma. Mpaka ukiwa mpana, wageni huingia ndani. Ukiwa mdogo, wenyeji hubaki nje. Mkono na jicho hulijua jambo hili kwa kulitenda, mara ya kwanza, mara ya kumi, mara ya hamsini.

5. Hesabu iliyoamua maisha

Labda mtauliza, mambo haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana.

Virusi vya UKIMWI hushambulia chembe nyeupe za namna moja ziitwazo CD4. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi katika maikrolita moja ya damu. Virusi vikiziua, mwili hukosa ulinzi. Tangu miaka ya 2003 na 2004, dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kuwafikia watu wengi zaidi Afrika Mashariki, hazikutolewa kwa kila mwenye virusi. Mgonjwa asiyekuwa na dalili kali alipewa dawa kama CD4 zake zilikuwa chini ya 200. Na njia kuu ya kuzihesabu ilikuwa mtambo huu wa mkondo.

Basi tufanye hesabu pamoja. Katika njia moja ya kupima, fundi hutia damu maikrolita 50 ndani ya kichupa chenye shanga ambazo idadi yake inajulikana. Mtambo huzihesabu shanga na chembe, ukazilinganisha. Lakini mtambo hauoni fundi ametia damu kiasi gani. Huamini tu kwamba ni 50 kamili. Sasa fundi asiyefundishwa vizuri ameacha damu nje ya ncha ya pipeti bila kuipangusa, na kichupani zimeingia maikrolita 55. Mgonjwa ana CD4 190 kwa kweli. Mtambo utasema 209. Kwa sheria ya wakati ule, mtu huyu ataambiwa arudi nyumbani, aje tena baada ya miezi kadhaa. Na amenyimwa dawa na maikrolita 5, ambazo hazifikii hata tone moja linalodondoka kutoka bombani.

Mtambo wenyewe haukuharibika, na karatasi yake ilikuwa safi na namba zake zimepigwa chapa vizuri. Kosa lilikuwa katika mkono, na dawa ya mkono ni mafunzo.

Shirika la Afya Duniani lilikipandisha kipimo kile kuwa 350 mwaka 2010, na 500 mwaka 2013. Mwaka 2015 likashauri kila mwenye virusi apewe dawa, hata CD4 zake ziwe ngapi. Hata hivyo hesabu haikuachwa. Humsaidia mganga kumjua mtu ambaye ulinzi wake umeshuka sana, apate kuangaliwa kwa haraka. Tena saitometri ya mkondo hutumika kutambua saratani za damu, ili mganga ajue ni saratani ya namna gani.

6. Neno la mwisho

Ndugu wasikilizaji, tumeona muuza nguo aliyetengeneza lenzi, mwanamke aliyesikiliza mihadhara bila kuandikishwa, na profesa aliyerudi kuwa mwanafunzi. Wote walitumia kichwa na mkono pamoja. Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nanyi siku mtakapotolewa damu hospitalini, jueni kwamba nyuma ya ile namba yuko mtu aliyefundishwa. Muulizeni mganga maana yake. Ni haki yenu kuijua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini chembe hupitishwa moja moja? Ni kazi gani nyingine katika kijiji chenu hufanywa hivyo?
2. Mgonjwa ana CD4 210. Fundi ametia maikrolita 45 badala ya 50. Mtambo utasema ngapi?
3. Tajeni kazi mnayoijua ambayo haiwezi kufundishwa kwa maneno matupu. Mliifunzwa na nani, na kwa njia gani?

Maneno ya kukumbuka

Chembe: sehemu ndogo sana yenye uhai mwilini.
Kingamwili: kitu cha ulinzi wa mwili kinachoshika alama moja tu.
Leza: mwanga mkali ulionyooka.
Maikrolita: sehemu moja ya mililita iliyogawanywa mara 1,000.
Pipeti: mrija wa kuvutia na kupimia maji kidogo sana.